Mistari Saba Chini ya Picha ya Mzee Mwandu

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo Egide kaweka maneno kwenye picha. Nimeyaona kwenye kioo cha studio yake, ng'ambo ya barabara: maharusi wa Kabungu, na chini yao maandishi ya rangi ya dhahabu, "Ndoa Njema". Mstari mmoja. Watu wamejaa pale utadhani kuna ajali. Mimi niko hapa Makanyagio miaka yote, yeye kaja juzi na mashine yake ya kuchapa picha kubwa, na sasa ana maneno.

Sijakaa kitako tangu asubuhi. Nimefagia studio, nikaifagia tena. Kiti cha wateja nimekitoa ukutani nikakipeleka dirishani, kisha nikakirudisha.

Ndipo wazo likaja. Mstari mmoja ni nini? Mimi nitaweka mingi. Na picha ya kuanzia ninayo. Wiki iliyopita nilimpiga Mzee Mwandu kule Kasokola: mwenyewe katikati ameshika fimbo, wake zake watatu pembeni, na nyuma yao zizi limejaa ng'ombe. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Aliniambia nimchapie kubwa, ya kutundika sebuleni. Basi.

Sasa huyo Mzee Mwandu ndiye baba yake Kabula. Kabula wa duka la madawa ya mifugo. Kabula ambaye mwenyewe keshakubali, ila kwao mtoto haondoki baba hajaridhia. Jumapili baba yangu mdogo Fredrick anapeleka posa. Akiingia na picha hiyo kwapani, sifa za mzee zimeandikwa chini, atakataliwa na nani?

Picha nimemtumia Egide kwenye simu, ile ile halisi, kubwa, haijapunguzwa, ajue alivyo nyuma. Kajibu dole gumba. Wivu huo.

Jumatano, 9 Julai

Programu hii haina adabu. Nimeandika "Mzee Mwandu wa Kasokola", nikabonyeza Enter nishuke mstari wa pili. Haishuki. Inafunga kiboksi cha maandishi, eti nimemaliza. Nikafungua tena, kikaja kiboksi kingine juu ya kile cha kwanza, maneno yakapandana. Mzee akawa na majina mawili usoni.

Nikasema potelea mbali, sibonyezi Enter. Nikaandika yote kwa mkupuo. Yakaenda kulia, yakatoka nje ya picha, yakaendelea huko nisikokujua. Nikapunguza herufi. Yakaingia yote, lakini madogo kama chawa, hata mimi mwenyewe nashindwa kuyasoma.

Kabula kapita kununua vocha duka la jirani, akanikuta nagombana na kompyuta. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hii ni kazi ya kitaalamu. Akasema baba yake anaulizia picha, na anachotaka ni picha tu. Nikacheka kimoyomoyo. Hajui ninachompikia.

Jioni nimegundua dawa. Unashika Shift, ndipo unabonyeza Enter. Inashuka. Nimeshuka mistari mingi bila neno hata moja, raha tupu.

Alhamisi, 10 Julai

Kazi imekwisha. Mistari minne, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi:

MZEE MWANDU WA KASOKOLA
JABALI LA MIFUGO
MWENYE WAKE WATATU
NA NG'OMBE MIA MBILI KUMI NA NNE

Huo wa ng'ombe umekula asubuhi nzima. Nimeikuza picha, nikahesabu pembe, nikagawa kwa mbili. Kuna mmoja kavunjika pembe, nikampa nusu, halafu nikamwonea huruma nikampa ng'ombe mzima. Sisi Wafipa ni watu wa mahindi, lakini najua mfugaji anapenda nini. Anapenda mali yake ionekane.

Maandishi yamefunika miguu ya mke mdogo. Si kitu, miguu kila mtu anayo. Nikabonyeza kuhifadhi. Programu ikauliza kama nataka hii iwekwe mahali pa ile ya zamani. Nikakubali. Ya zamani ya nini tena?

Nimechapa nakala ndogo ya kuonjesha, nikaifunga kwenye bahasha, nikampa Kabula ampelekee baba yake. Chakula cha mchana hakikupita. Kila pikipiki ikipunguza mwendo, natoka mlangoni.

Ijumaa, 11 Julai

Bahasha imerudi. Kabula kaiweka mezani, kakataa kiti.

Anasema baba yake alisomewa mpaka mstari wa nne, akatoka akaenda kusimama zizini. Aliporudi akauliza ni nani aliyenituma nihesabu ng'ombe wake. Kwao idadi ya ng'ombe haitajwi. Hata mzee mwenyewe ukimwuliza atakwambia anavyo viwili vitatu vya maziwa. Kuhesabu mifugo ya mtu hadharani ni kuiitia mabaya, na mimi nimehesabu kwa rangi nyekundu, ya kutundikwa ukutani, kila mgeni asome. Na leo asubuhi ndama mmoja kaamka anachechemea.

Nikasema ndama huchechemea hata bila picha. Kabula akaniangalia sana, akaniambia neno hilo nisije nikalirudia mbele ya baba yake. Kisha akasema kwa upole, na upole ndio uliniuma, nimpe mzee picha yake niache mengine.

Nimetembea kutoka studio mpaka kituo cha mabasi na kurudi, bila safari yoyote. Nimefikiri vizuri. Tatizo ni mstari wa nne peke yake. Ng'ombe watoke, waingie wake zake kwa majina, kila mmoja na mstari wake. Wake hakuna mwiko wa kuwahesabu. Itakuwa mistari saba. Egide bado yuko na mmoja.

Jumamosi, 12 Julai

Maneno mekundu hayatoki. Yameganda kwenye picha moja kwa moja, na picha safi haipo, nilihifadhi juu yake kwa mkono wangu. Nikatafuta dawa: utepe mweupe chini, kufunika yale ya zamani, na juu ya utepe niandike mapya. Lakini mistari saba inataka nafasi. Utepe ukapanda. Wake za mzee wamebaki kuanzia kiunoni kwenda juu. Mzee fimbo yake inaishia hewani.

MZEE MWANDU WA KASOKOLA
JABALI LA MIFUGO
AKIWA NA FAMILIA YAKE
KUTOKA KUSHOTO
BI. MBUKE
BI. LIMI
BI. NYANZALA

Kutoka kushoto ndiyo utaratibu. Magazeti yote yanafanya hivyo, na mimi si mtu wa kubahatisha.

Kuchapa kubwa ni lazima kwa Egide. Nikavuka barabara. Akaitazama kwenye kompyuta yake muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika. Akasema mstari wa mwisho uko ukingoni mno, fremu itaumeza. Nikamwambia mimi nimeleta kazi ya kuchapa, ushauri sikuomba. Akachapa.

Fundi wa fremu akapigilia. Bi. Nyanzala akamezwa. Zimebaki ncha za juu za herufi, kama majani yanayoota. Nimejaribu kuvuta karatasi kwa kucha, haivutiki. Mwenye akili atamalizia mwenyewe. Nimeifunga gazeti nikampelekea baba mdogo kabla sijaanza kuwa na mashaka.

Jumapili, 13 Julai

Baba mdogo Fredrick karudi mapema mno. Mtu aliyepeleka posa harudi na njaa. Huyu karudi na njaa.

Anasimulia kwamba walimpokea vizuri, wakampa maziwa ya mgando, wakamuuliza habari za mvua ya mwaka jana. Akafungua picha. Bi. Nyanzala akaomba asomewe. Huyo ndiye mke mkubwa, aliyefika na mzee Kasokola wakati bado ni pori. Na ndiye mama yake Kabula. Akasomewa jina la kwanza, Bi. Mbuke, aliyeolewa mwaka juzi. Likafuata la Bi. Limi. Likafuata kimya.

Baba mdogo akainua picha kwenye mwanga, akasema hapa chini kuna kitu kinafanana na jina. Bi. Nyanzala akauliza kama yeye kawekwa chini ya mbao. Akasema ng'ombe walihesabiwa mpaka yule wa pembe moja, yeye hata kuhesabiwa hakuhesabiwa. Mbuke akakimbilia jikoni kwa aibu. Baba mdogo akaletewa kofia yake, na nyama ilikuwa bado inachemka. Hiyo nyama kaitaja mara nyingi kuliko posa.

Ila mzee hakukataa. Alimsindikiza baba mdogo mpaka njiani, akamwambia hivi: kijana ni mchapakazi, na binti anamtaka. Basi Jumatano mimi niende mwenyewe, nipeleke ile picha kama nilivyoipiga. Isiwe na herufi hata moja. Nikiweza hilo, nitakaa chini na mazungumzo yataendelea. Nikishindwa, nisirudi tena, kwa sababu mtu asiyeweza kukiacha kitu kizuri kilivyo, mzee hawezi kumkabidhi binti yake.

Nimesoma maneno hayo nilivyoyaandika hapa. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi kwa ajili ya picha. Namtaka Kabula, na picha safi sina.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi nimepekua kadi ya kamera. Nilishaifuta, nikapigia ubatizo wa Sibwesa juu yake. Nimejaribu kufuta utepe kwa brashi ya programu na kuchora miguu upya. Mzee akapata miguu ya ng'ombe. Nimemwendea Kabula nikamwomba niwapige tena. Akasema ng'ombe wamehamishwa kufuata majani, na mama yake kasema hatasimama tena upande wowote, wa kushoto wala wa kulia.

Nilikuwa nimekaa nje, mikono kichwani, ndipo nikakumbuka dole gumba. Egide. Nilimtumia ile halisi! Kwangu nilishaifuta simu ilipojaa, lakini yeye huenda bado anayo.

Nimevuka barabara nikapita mlango wake nikaenda mpaka sokoni, nikanunua nyanya nisizozihitaji. Nikarudi. Nikamwambia nataka kulinganisha ubora wa rangi. Hakucheka. Akafungua simu yake, ilikuwapo, hajaifuta. Akaichapa kubwa, akaitia fremu yeye mwenyewe, ya kioo, na nakala akaniwekea kwenye flashi nisije nikaipoteza tena. Nikataka kumnunulia soda, akakataa.

Akaniambia kwamba siku ile nilipoituma aliitazama mpaka mteja akamwita mara mbili. Babu yake alikuwa na ng'ombe Burundi kabla hawajakimbia, na hakuna aliyewahi kumpiga picha akiwa nao. Akasema yeye hajawahi kupiga picha kama hii. Akaniomba kitu kimoja tu, nisiandike juu yake.

Nilitaka kumwambia asante vizuri, nikaishia kumpa nyanya. Nilipofika kwangu ndipo nikaanza kujiuliza kwa nini anaogopa sana maandishi yangu.

Jumanne, 15 Julai

Picha iko mezani. Safi. Nasema kweli, ni nzuri. Mzee katulia. Bi. Nyanzala yuko kulia, kaweka mkono kwenye mgongo wa ng'ombe kama mtu aliyeshika bega la ndugu. Miguu yote ipo.

Kabula kaja mchana. Kaitazama, kapangusa kioo kwa ncha ya kitenge chake. Kasema mama yake kakubali kupika kesho. Kasema nisichelewe, nivae shati jeupe. Leo alikubali kiti. Alipoondoka nikajiona mtu mwenye bahati kuliko wote Mpanda. Kazi iliyobaki ni kukaa tu mpaka kesho.

Nimekaa.

Nimesimama nikachungulia kwa Egide. Sasa ana mistari miwili. "Ndoa Njema", na chini yake "Mungu Awabariki".

Nimerudi kuitazama picha yangu. Pale kona ya chini pana nafasi. Pamekaa bure. Na mgeni akiiona ukutani atajuaje nani kaipiga? "Picha na Thadei", herufi ndogo tu. Hayo si maandishi, ni sahihi. Nimeijaribu kwenye kompyuta. Inapendeza, ila imekaa kinyonge peke yake. Juu yake nimeweka "Kwa heshima ya Mzee Mwandu", heshima haijawahi kumkera mtu. Halafu Bi. Nyanzala lazima nimsafishe, yeye ndiye aliyeumia. Jina lake la kwanza kabisa, kubwa, mbali na fremu. Akiwapo yeye siwezi kuwaacha wenzake, kwa hiyo Limi, kisha Mbuke, kwa kufuata ukubwa. Mtu hujifunza. Ng'ombe siwahesabu, nimeandika WENGI tu.

Nimempelekea Egide flashi achape kubwa. Kauliza ni kazi gani, nimemwambia ya mteja, asiifungue sana. Kabula sijamwambia kitu. Nataka aione kesho, pale mbele ya baba yake.