Kijiko cha Thelathini na Mbili

Napenda kuutangazia umma kwamba hospitali yetu imefikisha usalama wa asilimia mia moja na nne. Hizo nne za ziada zinatokana na vijiko.

Yetu ni hospitali yenye ulinzi: wagonjwa huletwa na mahakama watibiwe badala ya kufungwa. Mimi ni Ofisa Msaidizi wa Tathmini ya Hatari, mwezi wa tatu kazini, na naamini kwa moyo wote kwamba fomu ikijazwa kwa upendo inaweza kumponya mtu.

Kila baada ya mlo tunahesabu vijiko. Vikitimia thelathini na viwili, geti linafunguliwa. Visipotimia, hatoki mtu.

Jumamosi ile vilikuwa thelathini na kimoja.

Fundi Cherehani, mgonjwa wetu, alikuwa ameshavaa suti. Binti yake alikuwa anaolewa saa tisa, na gauni alilishona yeye mwenyewe kwenye karakana yetu, kwa sindano tuliyoihesabu kila baada ya mishono kumi. Kamati ya Tathmini ilimpa ruhusa ya kutoka kwa muda wa saa nne, baada ya vikao kumi na kimoja. Kikao cha saba kiliahirishwa kwa sababu alitabasamu bila kueleza chanzo. Cha nane, kwa sababu hakutabasamu.

"Mwanangu, saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa nane na nusu, mzee."

"Gauni limeshafika kwa mwenyewe. Nimebaki mimi tu."

"Tumetafuta mpaka ndani ya sufuria la uji," alisema Sista, muuguzi wa zamu. "Labda tupekuane."

Hapo akaingia Mkurugenzi, kikombe cha chai mkononi. Ndiye mtunzi wa Kanuni ya Vijiko.

"Kila mtu apekuliwe!" alinguruma. "Hatari haina cheo! Atakayekutwa nacho havuki geti siku tatu, mpaka Kamati imtathmini!"

Niliguswa mno. Nikachukua kifaa cha kutambua chuma na, kwa heshima, nikaanza na cheo cha juu kabisa. Kikapiga kelele kwenye mfuko wa koti lake.

"Ahaa," alisema Sista. "Chai ilikorogwa."

"Kijana, hiki ni kijiko tu!"

"Mheshimiwa, kwenye fomu hakuna sehemu ya 'tu'."

Nikaijaza palepale. Mhusika anakana? Ndiyo. Anapandisha sauti? Nilisubiri kidogo. Ndiyo. Anataja wakubwa anaofahamiana nao? Watatu, mmoja mara mbili. Jumla: alama za hatari thelathini na tisa kati ya arobaini. Fundi ana sita.

"Itisha Kamati sasa hivi!"

"Mwenyekiti ni wewe, Mheshimiwa. Na mhusika haongozi kikao kinachomhusu. Kanuni hiyo uliipigia mstari mwenyewe, kwa wino mwekundu."

Vijiko vilikuwa vimetimia. Geti likafunguliwa. Fundi alisimama mbele ya Mkurugenzi, akamnyooshea kola iliyokuwa imekaa upande.

"Usihofu, mzee wangu," alimwambia. "Na mimi niliambiwa siku tatu. Huu mwaka wa sita."

Kisha akatoka mbio, mlinzi wa kumsindikiza akihema nyuma yake.

Mkurugenzi aliketi kwenye benchi la wodi. Alitutazama, akalitazama geti, akatukunjulia uso kwa upole ambao hatujawahi kuuona.

Nikachukua kalamu. "Anatabasamu," niliandika. "Chanzo hakijaelezwa."