Mita ya Kanisa

Telesfori aliunusa mradi wake kabla hajauona. Chapati zilikuwa zinaiva ghorofani, na hapakuwa na moshi. Akasimama katikati ya barabara, pua juu, kama mbuzi aliyenusa mahindi ya jirani. Katika Mpanda ya mwaka tisini na sita, chapati isiyo na moshi ilikuwa na maana moja tu: jiko la umeme. Na Tabora kulikuwa na mtu aliyekuwa analitafuta jiko la umeme bila kuuliza limetoka wapi.

Akavaa kofia ya ufundi, akachomeka bisibisi mfukoni, akapanda ngazi.

Mwenye nyumba ile alikuwa amekataza mkaa, usije ukachafua dari yake nyeupe. Kwa hiyo mpangaji wake, Pudensiana, alipika kwa umeme, alichemsha maji ya kuoga kwa umeme, alipiga pasi kwa umeme, na bili ikifika aliumwa kichwa.

"Hodi, mama. Mimi fundi mita. Nyie hapa mnalipa tarifu gani?"

"Taarifa tunazisikia redioni, kaka. Bure."

"Tarifu, mama. Bei ya umeme. Kuna ya nyumbani, kuna ya biashara, na kuna ya kanisa. Ya kanisa ni kama hulipi."

Macho ya Pudensiana yakang'aa. "Sasa mimi ni kanisa?"

"Unasali?"

"Sana."

"Humu ndani?"

"Hata nikikaanga."

"Basi hili ni kanisa. Limekosa mita tu."

Akamweleza, kwa sauti ya kuongoza mazishi, kwamba mita za kanisa hutolewa Tabora, na hazitolewi mpaka jiko lenyewe lipelekwe likapimwe ulaji wake. Treni inaondoka jioni hii hii.

Pudensiana akageuza chapati, akafikiri. "Sawa, baba. Ila kanisa halianzi kimya kimya. Ngoja niite watu tulifungue kwa ibada fupi, ndipo ulibebe."

Neno "fupi" lilimdanganya Telesfori, yeye aliyekuwa ameishi kwa kudanganya wenzake.

Mchana alifika Jean-Marie, mzee wa kanisa la Warundi wa Kasokola, na kwaya nzima nyuma yake. Wakaimba Kirundi, wakaimba Kiswahili, wakarudia zilizowapendeza. "Mchungaji wa Mita" akaombwa neno. Telesfori akahubiri juu ya nuru mpaka akajiliza mwenyewe.

Kisha ikaja sadaka. Kwa watu wale, mwenye mihogo hutoa mihogo, na ibada ikiisha vyote hunadiwa papo hapo. Kapu la fedha alilishika mweka hazina wa kanisa jipya, yaani Pudensiana. Jean-Marie akanadi mihogo, akanadi jogoo, halafu akaweka mkono juu ya jiko, lililokuwa limeshafungwa kamba mlangoni.

"Na hili ni la nani?"

"La Bwana," akasema Pudensiana.

"La kupimwa!" akapiga kelele Telesfori.

"Mchungaji, anayepima ni Bwana."

"Amina!" ikaitikia kwaya.

Mzee mmoja, Masalu, aliyejitambulisha kuwa mfugaji wa Usevya, akainua fimbo. "Mbuzi mmoja."

"Mzee wangu," akanong'ona Telesfori, "kwani kwenu kuna umeme?"

"Wa nini? Kuku watataga humo."

Telesfori akaikumbuka treni, akatoa nauli yake.

"Mbuzi wawili."

Akaongeza saa ya mkononi.

"Ndama."

Akavua koti. Akavua viatu. Masalu akainua fimbo, akamtazama yule mtu aliyebaki na soksi, akaishusha taratibu. "Basi. Mchungaji ana shida nalo kuliko kuku wangu."

Vigelegele! Telesfori akashuka ngazi na jiko mgongoni, soksi tupu miguuni, akimiliki kitu kihalali kwa mara ya kwanza tangu apate akili. Kwa mbali treni ikapiga honi. Pudensiana akamfuata mbio na chapati zilizofungwa kwenye gazeti, kwa kuwa moyo wake haukuwa mbaya.

"Pole, baba. Sahani tatu za hilo jiko zimekufa. Kesho mwenye nyumba analeta jipya, na nilikuwa najiuliza hili nani atanitolea."

"Na Masalu? Angeshinda je?"

"Shemeji yangu huyo. Fundi baiskeli. Mbuzi atawatoa wapi?"

Telesfori akakaa juu ya jiko lake, akaimega chapati ya mama yule aliyemmaliza. "Mama, nyie hamumwogopi Mungu?"

"Tunamwogopa sana," akasema Pudensiana. "Ndiyo maana fungu la kumi tumelitoa kabla ya kugawana."