Boneti Inayofunguliwa Kabla ya Chai

Arusha,
Jumamosi, 8 Juni 1996

Kwako Baba Mdogo Eliasi,
Gereji ya Kwa Mrombo.

Shikamoo. Ni mimi Ndeshi, mke wa Abdiel. Ulicheza kwenye harusi yetu wiki tano zilizopita mpaka kiatu kikaachia soli, nasi hatujasahau. Nina furaha hadi naona aibu kuwasimulia majirani. Ila nina malalamiko juu yako, na nayatoa kwa heshima zote.

Siku ulipotuletea gari letu la mtumba kutoka Japani, ulimfundisha mume wangu ukaguzi wa asubuhi. Tangu hapo:

1. Kila siku saa kumi na mbili ananiacha kitandani akafungue boneti. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena na kukitazama kwa macho ambayo nilidhani ni ya kunitazamia mimi tu. Halafu maji ya rejeta, halafu maji ya betri, halafu mkanda anaubonyeza kwa kidole gumba. Chai inapoa. Jirani yetu Mama Violet huchungulia na kuniuliza, "Bibi harusi, mwenzako kalala wapi leo?"

2. Kijiti anakifutia foronya niliyoidarizi mwenyewe, "Lala Salama Mpenzi". Sasa inasomeka "Lala" tu.

3. Tukiingia garini anazungusha ufunguo nusu, taa nyekundu zinawaka, ya oili, ya betri na ya breki, naye anazikodolea macho. Eti ulisema injini ikishanguruma zote zizimike, na isiyozimika ina neno la kusema. Baba Mdogo, hata mimi nina maneno. Siku moja nilimwonyesha Mlima Meru ulivyopendeza bila wingu, akanijibu, "Subiri mpenzi, betri haijazimika."

4. Nimesoma hadi kidato cha nne na nimelifikiri jambo hili. Abdiel alinioa bila kunikagua popote, na ninakwenda vizuri. Kwa nini gari likaguliwe kila siku?

Kwa hiyo nilimwomba zawadi ya siku kumi bila boneti, awe ananitazama mimi tu. Akakubali. Leo ni siku ya tisa: chai tunainywa ya moto, gari linawaka, hakuna kilichoharibika. Kwa ushahidi huo naomba (a) utangue mafundisho yako kwa maandishi, (b) uje uzing'oe balbu za taa hizo, na (c) uwaandikie Wajapani kwamba gari la maharusi litengenezwe na boneti isiyofunguka.

Msalimie Mama Mdogo Anande, watoto, na mafundi wote hapo gereji.

Ni mimi mkweo, mwenye furaha isiyopungua,
Ndeshi

N.B. Jumapili asubuhi. Barua hii ilikuwa bado haijatumwa. Leo tulikuwa tunakwenda Oldonyo Sambu, Abdiel akamwone bibi yangu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Injini iliponguruma, taa ya oili haikuzimika. Yeye hakuiona, alikuwa ananitazama mimi kama tulivyopatana. Mimi ndiye niliyesema, "Zima." Kijiti nimekichomoa mwenyewe, kikavu kabisa, na chini ya gari pana dimbwi. Sasa tumelala chini yake hapa uani, bega kwa bega, yeye anatafuta panapovuja na mimi nimeshika tochi. Amesema hajapata kuona mtu anayeshika tochi vizuri hivi. Nimetoka mara moja tu kuandika haya, nimpe Mama Violet anayekuja sokoni huko. Njoo na oili, Baba Mdogo, ila usiharakishe.