Foleni ya Ezra Pargeter

Wilf Tranter alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limempanda mpaka masikioni, aliposikia kwamba Ezra Pargeter karudi Birmingham.

"Nani kamwona?" akauliza.

"Hajaonekana na mtu," akasema kinyozi.

"Sasa mnajuaje karudi?"

"Ndiyo hivyo. Ezra akirudi, nani atamwona?"

Waliokuwa wakingoja zamu wakatikisa vichwa. Hoja ilikuwa nzito.

Kwa faida ya waliozaliwa juzi: Ezra ndiye aliyekuwa mkubwa wa genge la Mtaa wa Tannery, miaka ile kabla ya vita. Mashindano ya farasi yalikuwa yake, baa zilikuwa zake, na polisi wawili watatu walikuwa wake pia, wa kuazima. Kisha siku moja akatoweka. Wengine walisema yuko Ajentina, wengine walisema yuko chini ya mfereji. Mtaa ulimlilia wiki nzima, kwa furaha.

Wilf akajifuta povu na kutoka na ndevu nusu. Wazo likimwingia Wilf halingoji shavu la pili.

Na alikuwa na sababu. Mabomu ya Wajerumani ya mwezi Novemba yalikuwa yameondoka na nyumba yake, yakamwachia mlango na ufunguo wake. Tangu hapo alikuwa analala kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na watu arobaini waliokoroma kwa kupokezana. Na huku upande wa pili wa barabara alikuwepo Elsie Bickerton, mjane, mwenye paa zima, jiko la makaa na kitanda kisichokoroma. Wilf alimposa mara tatu. Mara ya tatu Elsie akatoa sharti.

"Marehemu Bert nilimzika kwa paja zima la nguruwe, la moshi," alisema. "Watu walikula wakasahau kulia. Sitaolewa kwa kitu pungufu ya alichozikiwa mwenzio."

"Elsie, mpenzi, kuna vita!"

"Najua kuna vita, madirisha yangu yako wapi? Lete paja kabla ya Jumamosi. Mchungaji kashaambiwa siku na saa. Jina la bwana harusi tu ndilo tumeliacha wazi."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Siku ya kinyozi ilikuwa Alhamisi.

Basi Wilf akaazima kigari cha mtoto, akakisukuma mpaka kwenye bucha la Bwana Ockley. Mgao wa nyama siku zile ulikuwa kipande cha kufunika jicho moja kwa wiki, lakini Ockley mwenyewe alikuwa na videvu vitatu, na mtaa mzima tulikuwa tumeshavihesabu.

"Sina kitu," akasema Ockley kabla hajasalimiwa.

"Sijaja kwa ajili yangu, Bwana Ockley. Nimetumwa." Wilf akavua kofia, akaiweka kifuani kama yuko msibani. "Karudi."

"Nani?"

"Unataka nilitaje jina lake humu, mbele ya maini?"

Kisu cha Ockley kikasimama hewani. "Kasema nini?"

"Kaanza kukuulizia wewe. 'Ockley mzima?' Nikamwambia mzima. Akasema, 'Mpaka sasa?'"

"Mungu wangu."

"Halafu akasema huko kote alikokuwa alikuwa anaota paja la nguruwe. Zima, la moshi. Nikamwambia, mzee, siku hizi hakuna. Akaniangalia. Bwana Ockley, umewahi kuangaliwa na Ezra wewe?"

"Mara moja," akanong'ona Ockley. "Na nilikuwa nyuma ya mlango."

Ockley akapiga magoti, akang'oa ubao wa sakafu, akatoa paja ambalo alikuwa amemwekea mheshimiwa mmoja wa mitaa ya wenye nazo. Lilikuwa jekundu, nono, linang'aa kama shavu la askofu. Wilf akalilaza kwenye kigari, akalifunika blanketi mpaka shingoni, akatoka anapiga mluzi.

Hakufika hatua thelathini.

"Hee, Wilf! Umezaa lini?"

Alikuwa Bibi Tibbetts, mwenye kikapu na macho, na macho ndiyo yalikuwa makubwa zaidi.

"Wa dada yangu huyu."

"Wewe huna dada."

"Ndiyo maana nimeachiwa mimi."

Sasa, mwanamke wa mtaa wetu hawezi kukipita kigari cha mtoto bila kuchungulia. Ingekuwa ni kumtukana mzazi. Bibi Tibbetts akainua blanketi. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kanenepa," akasema taratibu. "Anafanana na mtu niliyemjua kabla ya vita."

Akarudisha blanketi kwa adabu, akaweka kikapu chini, akasimama wima nyuma ya kigari.

"Unafanya nini, mama?"

"Nimepanga foleni."

"Foleni ya nini? Hapa hakuna kinachouzwa!"

"Ndiyo maana nimewahi. Na ukinikatalia kipande changu, konstebo yule pale, nami sauti ninayo."

Mpita njia akaona watu wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwingine. Akasimama wa tatu. Mwaka ule Birmingham haikuwa na mtu wa kuona foleni akaipita. Unasimama kwanza, utauliza baadaye. Kuna siku wanawake kumi na mmoja wa mtaa wetu walijipanga saa nzima, wakajikuta wanaaga maiti ya mtu wasiyemjua. Wakaaga vizuri tu, wakarudi nyumbani.

Wilf akasukuma kigari hatua tatu. Foleni ikasogea hatua tatu. Akavuka barabara; foleni ikavuka barabara, haikuharibika hata kidogo. Konstebo akaja.

"Foleni ya nini hii?"

"Hatujui, afande."

"Basi jipangeni vizuri," akasema, akaenda kusimama mwisho, na kila mama aliyekuja akampisha mbele yake.

Walipofika ishirini na tano, Wilf akaona ni heri awatishe. Akapanda kizingiti cha duka lililofungwa, akapaza sauti: "Jamani, nawaonya! Nyama hii ni ya Ezra Pargeter!"

Kisha mama mmoja akaangua kilio cha furaha.

"Ezra karudi, na anagawa nyama!"

"Mimi siku zote nilisema ana moyo mzuri!"

"Ulisema? Wewe si alikuchomea banda?"

"Alilichoma kwa upole."

Foleni ikawa watu hamsini. Bibi Tibbetts akatoa kisu kikapuni, akamkabidhi Wilf. "Anza, baba. Nene kidogo, mimi wa kwanza."

Wilf akapiga hesabu haraka. Akiwapa kipande kipande kwa kasi, akawakimbia katikati, lingebaki nusu paja, na kwa nusu paja huenda Elsie angekubali kuolewa nusu. Akaanza kukata mbiombio. Alikuwa amefika mtu wa nane alipomwona Bwana Ockley mlangoni pa bucha lake, anatazama nyuma ya foleni, uso umekuwa mweupe kama mafuta ya figo. Ockley akashusha pazia la bucha mpaka chini.

Wilf akafuata yalikokuwa macho ya Ockley. Huko nyuma, baada ya konstebo, alisimama mzee mrefu mwenye koti la kijivu na kofia ya kawaida. Wilf aliwahi kumshikia farasi mtu huyo kwenye mashindano. Shingo ile aliijua.

"Mama," mzee akamuuliza mwanamke aliyekuwa mbele ya konstebo, "nani anagawa?"

"Ezra Pargeter, baba."

"Aa," akasema mzee. "Basi ngoja nisimame."

Miguu ya Wilf ilitaka kukimbia, ila mtu wa tisa alikuwa amekwisha kuushika mkono wake. Jambo moja tu lilimpa nafasi: mtu yule aliyezoea kuvunja milango hakuthubutu kuvunja foleni. Alijaribu kusogea kidogo kuona mbele, sauti nne zikamrudisha: "Nyuma, mzee! Wote tuna njaa!" Akavua kofia, akasema, "Samahani, mama," akarudi.

Basi Wilf akaona uhai wake uko kwenye wembamba wa vipande. Akaacha mbio, akaanza kukata vipande vyembamba, vya kusomea gazeti kwa upande wa pili. Kila kipande alikipindua, akakipuliza, akamuuliza mwenye zamu habari za watoto, za mume, za paka.

"Leo una roho nzuri, Wilf!"

"Hatuna haraka, mama. Haraka ya nini?"

Alipoinua macho akamwona Elsie. Alikuwa amepita na kikapu chake, akajipanga kama mtu yeyote, na konstebo, kwa adabu zake, akampisha mbele yake. Halafu konstebo akaitwa kazini. Kwa hiyo nyuma ya Elsie alikuwa Ezra. Wanazungumza. Elsie anahesabu jambo kwa vidole. Ezra anainamisha sikio. Elsie anacheka, kicheko kile ambacho Wilf alidhani kilizikwa pamoja na Bert.

Akate upesi, Ezra amfikie. Akate polepole, wale wawili wazidi kuzungumza. Akakata polepole. Dakika arobaini. Wakati wa vita watu waliwahi kuoana kwa dakika chache kuliko hizo.

Elsie akafika mbele. Akautazama mfupa, akamtazama Wilf.

"Hili ndilo lilikuwa langu?"

"Ndilo, Elsie."

"Umewalisha watu hamsini. Umefanya jema, Wilf," akasema kwa upole wa mtu anayeaga, akapisha.

Ezra akasogea. Hapakuwa na kipande.

"Nasikia nimerudi," akasema.

"Mzee, naweza kueleza..."

"Miaka ishirini mtaa huu hakuna aliyeniambia asante. Leo wanawake saba wamenibariki nikiwa nyuma yao, hata hawanijui." Akampangusa Wilf povu kavu lililobaki sikioni. "Wewe kijana unakata vizuri. Jumamosi uko huru?"

Kisha akavuka barabara, akagonga pazia la bucha, akavua kofia. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Habari za asubuhi, Ockley." Tulisikia ubao wa pili wa sakafu uking'oka.

Jumamosi Elsie aliolewa kwa paja zima, la moshi, kubwa kuliko la Bert. Wilf alisimama nyuma ya meza, aproni kiunoni, kisu mkononi, anakata kwa mazoea. Bi harusi akamjia na sahani, akakitazama kipande, akakiinua kwenye mwanga, akamwona bwana harusi wake, Ezra, ng'ambo ya pili ya ukumbi.

"Nene kidogo, Wilf," akasema. "Sasa hivi hakuna unayemchelewesha."