Mabomba Mawili na Tangi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo kwa miaka sitini. Cheti changu cha hisabati, kile kilichoning'inia sebuleni ndani ya fremu, kina swali moja lisilo langu. Nililinakili. Nilifaulu kwa alama moja, na alama yenyewe ndiyo hiyo.

Bila alama hiyo hakuna chuo cha ualimu. Hakuna miaka thelathini na moja ya kufundisha hisabati. Hakuna Darubini! Hilo ndilo jina walilonipa wanafunzi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuibia mtihani mbele yangu akabaki kitini.

Daktari ameacha kunikataza chumvi. Daktari akiacha kukukataza kitu, jua umebakiwa na siku za kuhesabu.

Kwa hiyo nimeamua: nitarudia mtihani, kwa haki. Cheti kipya kitaingia kwenye fremu ile ile, kimya kimya, nami nitaondoka msafi. Nimejiandikisha. Binti yangu, ambaye ni muuguzi na ndiye anayenitunza, nimemwambia ni zoezi la ubongo. Akasema baba, mbona drafti ipo.

Tatizo moja. Siku hizi mtihani haufanywi kwa karatasi. Ni lazima upitie programu ya kompyuta, mkubwa kwa mdogo, ambayo inakutazama kwa kamera mpaka umalize. Ukikosea inakufungia nje. Unaruhusiwa kuingia mara tatu tu. Zikiisha, subiri mwakani. Mwakani si tarehe niliyo nayo.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima neno la siri. Programu inataka herufi kubwa, tarakimu na alama. Nikaandika. Ikasema ni dhaifu. Nani asiye dhaifu?

Kisha sura. Inalinganisha uso wangu na picha ya kitambulisho. Picha ni ya miaka ishirini iliyopita, nina mashavu na nywele. Ikasema mimi si mimi. Nikavaa meno ya bandia. Si mimi. Nikavaa kofia. Si mimi. Nikachukua pamba ya binti yangu, nikajaza mashavu.

Ni mimi!

Binti yangu aliingia na vidonge, akanikodolea macho, akatoka bila kuuliza. Ndiyo faida ya kuzaa mtoto mwenye adabu.

Jirani yangu, Kifutio, naye akaja. Tulikuwa dawati moja shuleni. Aliitwa Kifutio kwa kuwa hakuwahi kukopesha chake. Akaniona na pamba mdomoni akacheka hadi akashika ukuta. Akasema, mzee mwenzangu, huko unakokwenda watakuuliza maswali mengine kabisa. Nikamjibu vikali, ila kwa sababu ya pamba hakuna lililosikika.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Nilizungusha kompyuta chumba kizima kuonyesha kwamba niko peke yangu. Kitanda, kabati, dirisha, ndoo. Sawa. Swali la kwanza, jepesi. La pili, jepesi. Moyo ukatulia.

Dakika ya nne skrini ikawa nyekundu. Mtu wa pili ameonekana chumbani!

Nikageuka. Hakuna mtu. Ikanionya nisigeuke. Nikageuka tena kuhakikisha. Mtihani ukafungwa.

Mtu wa pili ni marehemu mke wangu. Picha yake ipo ukutani, nyuma ya kiti. Miaka thelathini na tisa ya ndoa hakuwahi kunisaidia kujumlisha hata bei ya nyanya, na leo anashtakiwa kwa kunipa majibu.

Nimemgeuza akatazama ukuta. Nimemwomba radhi. Ni kwa siku chache tu, mama.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la pili. Nikafika swali la sita. "Angalia mbele." Nilikuwa natazama dari. Mtu akitafuta hesabu ya kipeo hutazama dari. Majibu huwa huko. Nikaangalia mbele. "Usitikise midomo." Mimi hesabu huifanya kwa midomo! Nikauma midomo. Pamba ikanipalia. Nikakohoa. "Sauti isiyoruhusiwa." Ukafungwa.

Nimekaa kitandani na hasira zangu. Ni mashine ya kijinga gani inayodhani kila mtu ni mwizi? Macho mbele, midomo ifungwe, asikohoe mtu!

Halafu nikakumbuka maneno hayo niliyaona wapi. Ubaoni. Kwa mwandiko wangu.

Nimebakiwa na mara moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nikapiga simu dawati la msaada la mitihani. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya upole. Nikajitambulisha. Kisha akauliza kama ni mimi Mwalimu Darubini. Nikafurahi, nikakiri. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi ndiye yule uliyenitoa chumbani kwa kupiga chafya."

Nilimkumbuka. Dawati la mbele, karibu na mlango. Alipiga chafya mbili. Nikasema ni ishara, chafya mbili maana yake jibu B. Karatasi nikaichana. Alirudia mwaka mzima.

Nikasema zamani mambo yalikuwa tofauti. Akasema ndiyo, Mwalimu, zamani chafya ilikuwa kosa. Akacheka. Kicheko chake hakikuwa na kinyongo, jambo lililonichoma zaidi.

Nikamweleza hali: mgonjwa, jaribio moja tu. Hakunizungusha. Aliandika kibali papo hapo: kwa sababu ya umri na kifua, mtahiniwa huyu anaruhusiwa kutazama juu, kutikisa midomo, kusoma kwa sauti, na kukohoa. Picha akaibadilisha pia, kwaheri pamba. Akasema kwa mwingine angesita, lakini kwangu, kwa kuwa anajua nilivyochukia wizi wa mtihani, hana shaka hata chembe.

Nikamshukuru. Nilikata simu nikiwa na joto masikioni.

Jumatatu, 10 Machi

Jaribio la mwisho. Maswali ishirini; kufaulu ni kumi na tano. Nilisoma kwa sauti, nikatazama dari nilivyotaka, nikatikisa midomo kama mbuzi. Programu ikanyamaza. Raha iliyoje! Nikafika mwisho, nikahesabu. Nina uhakika na kumi na nne. Matano ni giza tupu, hayo nimeyaachia bahati, na bahati haijawahi kunijua. Likabaki moja, la kumi na saba.

Tangi la maji. Bomba moja linajaza kwa saa tatu, jingine linatoa kwa saa tano. Litajaa baada ya saa ngapi?

Swali lile lile! Ndilo lililonishinda nikiwa na miaka kumi na tisa. Miaka thelathini na moja niliuruka ukurasa wake, nikiwaambia wanafunzi wakajisomee nyumbani. Mtu mwenye akili angefunga lile bomba la pili.

Kifutio alikuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha langu, akisubiri nimalize tucheze drafti.

Nikasoma swali kwa sauti. Nina kibali. Nikalisoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, pamoja na majibu yake manne.

Nikasikia kete ya drafti ikikwaruza benchi, kama mtu anayepiga hesabu. Kisha kikohozi. Kimoja. Cha pili. Cha tatu.

Nikabonyeza C. Nami nikakohoa kidogo, kwa ajili ya kumbukumbu za mashine.

Jumatano, 12 Machi

Kumi na tano! Kamili. Nimefaulu.

Mwanamke wa dawati la msaada alipiga mwenyewe kunipongeza. Akasema mashine iliripoti vikohozi katika swali la kumi na saba, wakubwa wakataka kufuta matokeo, yeye akasimama akanitetea: huyu ni Darubini, kifua chake kinamtesa, msimdhalilishe. Akaniambia pole kwa kikohozi, Mwalimu.

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo niliufungua. Nikasema asante, mwanangu.

Kifutio alikuja kunishika mkono. Akasema, ndugu yangu, tangi lile lile na dawati lile lile, ila safari hii umenicheleweshea drafti. Kumbe amejua miaka yote sitini kwamba nilinakili kwake, asiseme. Leo kifutio chake amekikopesha.

Cheti kipya kimeingia kwenye fremu. Kinapendeza. Picha ya mke wangu bado inatazama ukuta, nitaigeuza kesho. Nimejaza fomu ya mtihani wa kemia. Kifutio alikuwa hodari wa kemia.

Limebaki moja, nami naliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Yule binti wa chafya alikuwa na mafua. Pua yake ilikuwa nyekundu na leso aliishika mkononi. Niliiona kabla sijaichana karatasi.