Mzee Faharasa na Kuanguka kwa Toleo la Pili

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Kwa maana habari niliyowaletea haihusu wafalme, ambao wamekwisha kusifiwa na kila mwenye koo, bali inamhusu karani mstaafu wa masjala, mtu wa miwani mizito na kalamu tatu kifuani, ambaye Jumapili moja, tumbo likiwa bado limejaa chakula cha mchana, aliingia vitani dhidi ya kitabu chenye kurasa tisini na sita.

Jina lake la vita lilikuwa Mzee Faharasa, na alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akicheza Milango Sabini, ule mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji hujitungia shujaa, mwendeshaji husimulia yanayowafika, na dadu huamua nani kapona na nani kazikwa. Sheria zake zilikaa ndani ya Toleo la Pili: kurasa mia nne na kumi na mbili, herufi ndogo kama sisimizi, majedwali yaliyopandana kama matofali ya ngome. Na ngome yote hiyo mzee aliibeba kichwani. Ukiuliza humpata nini mtu aliyeangukiwa na kengele akiwa usingizini, hakugusa kitabu. Alifumba macho, akainua kidole cha shahada, akatamka: "Ukurasa wa mia mbili na tatu, jedwali la pili, mstari wa mwisho. Anakuwa kiziwi siku nne." Na mtu huyo akawa kiziwi siku nne, wala hapakuwa na rufaa.

Shujaa wake aliitwa Bawabu Mkuu, mlinzi wa milango, mwenye ngao tatu: moja mkononi, moja mgongoni, na moja kichwani kama sinia. Alikuwa amezika mazimwi tisa. La kumi lilimwona kwa mbali likajifia lenyewe.

Uwanja wa mapambano ulikuwa karakana ya seremala, mwendeshaji wa mchezo, aliyeunda kwa mikono yake meza yenye pembe sita na ukingo wa kuzuia dadu zisitoroke. Jumapili mashine zilinyamaza, maranda yakafagiliwa pembeni, na harufu ya vanishi ikawa ndiyo ubani wa baraza lile. Kulia aliketi daktari wa meno, mtu wa mzaha, ambaye shujaa wake alikuwa mwizi. Kushoto aliketi mkwe wa mzee, mke wa mwanawe, msusi wa nywele aliyejiunga nao miaka sita nyuma. Shujaa wake alikuwa mganga, na kila alipoulizwa mganga anafanya nini alijibu kwa sauti ndogo, "Mimi nawafuata nyuma." Miaka sita mganga yule alifuata nyuma. Hakuna aliyeujua uso wake.

Basi Jumapili hiyo seremala akafungua mkoba, akatoa kitabu chembamba chenye jalada jekundu, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai juu ya kioo.

"Toleo la Tatu limetoka," alisema. "Nimelisoma lote. Ni zuri, jamani. Tujaribu."

Mzee Faharasa alikitazama kile kitabu jinsi jemadari anavyotazama vumbi la jeshi geni upeoni. Kisha akasimama, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akahutubia.

"Enyi wenzangu wa meza moja! Ni nani kati yetu aliyelalamika? Ni lini Toleo la Pili lilituacha njiani? Tulipozingirwa na popo wa kuzimu, lilikuwa na jedwali la popo. Tulipougua kuhara katika jangwa la chumvi, lilikuwa na majedwali mawili ya kuhara! Leo mnaniletea kitabu ambacho nikikisimamisha kinalala chenyewe, mniambie humu zimo sheria?"

"Mzee," alisema daktari wa meno, "wiki iliyopita tulitumia saa nzima na robo kutafuta kama punda anaweza kuogelea."

"Na tulipata jibu!"

"Tulipata. Punda alikuwa keshazama."

Seremala aliuma mdomo asicheke. Mkwe alitazama mapajani. "Mimi niko sawa na lolote, baba," alisema.

"Leo tu, mzee wangu," seremala akabembeleza. "Likitushinda, tunarudi tulikotoka."

Ndipo Mzee Faharasa akauliza swali moja, polepole, lenye sumu yote ya mashaka: je, katika Toleo la Tatu bawabu anaruhusiwa ngao ngapi?

Seremala alikohoa. "Moja."

Enyi wasikilizaji, mmewahi kuona mnara ukipigwa radi usianguke? Hivyo ndivyo alivyosimama. Kisha akaketi, akakunja mikono, akatangaza kwamba wao wacheze. Yeye na bawabu wake watakuwa mashahidi. Kitabu chake cha zamani, kilichovishwa nailoni na kuunganishwa uti wa mgongo kwa utepe wa masjala, akakipakata kama mgonjwa.

Basi vita vikaanza pasipo yeye. Katika Toleo la Tatu hapakuwa na majedwali: mchezaji alisema anachotaka kufanya, akarusha dadu mbili, akajumlisha, nane na kuendelea, kafaulu. Mwizi na mganga wakafika kwenye daraja la mawe, na juu ya daraja limeketi jitu, refu kama nguzo ya umeme, limekasirika kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua. Mwizi akajaribu kunyata, akapata tatu, akatumbukia mtoni.

"Mganga," alisema seremala, "umebaki peke yako. Unafanya nini?"

Msusi alifungua mdomo kusema ya siku zote, lakini palikuwa hakuna mtu wa kumfuata nyuma. Akafikiri. Kisha akauliza, "Hilo jitu lina nywele?"

"Linazo. Ndefu hadi kiunoni. Zimesokotana."

"Lini zilichanwa mara ya mwisho?"

Seremala hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Hazijawahi kuchanwa."

"Ndiyo maana lina hasira," alisema msusi, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza katika miaka sita. "Kichwa kinaliuma! Mimi namkaribia, namwambia, kaka, kaa chini, inamisha kichwa, usinitingishikie. Naanza kumfumua kuanzia kwenye ncha, siyo kwenye mizizi, kwa sababu ukianzia kwenye mizizi atalia." Akanyoosha mkono kuzichukua dadu.

Na hapo kidole cha shahada cha Mzee Faharasa, kidole ambacho hakijawahi kuulizwa ruhusa, kikainuka chenyewe. "Ukurasa wa mia tatu na—"

Mkono wa msusi ukarudi. Hakukasirika, hakununa, ulirudi tu, upesi, kama mkono uliozoea, ukajificha chini ya meza. "Samahani, baba. Basi nawafuata nyuma."

Mzee aliuona mkono ule. Majeshi mangapi yalikuwa yameshindwa kumjeruhi shujaa huyu, na sasa alijeruhiwa na vidole vitano vilivyorudi chini ya meza! Alikumbuka Jumapili zote za miaka sita, na katika kila moja alijisikia mwenyewe akitaja ukurasa, na baada ya kila ukurasa alimwona mkwe wake akinyamaza. Yeye alikuwa amedhani binti wa watu ni mpole.

"Nisameheni kidogo," alisema, akatoka nje.

Alisimama kwenye bomba la uani akajifanya ananawa. Hapo ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa, kati ya rundo la mbao na ndoo ya rangi, na upande mmoja alikuwa mzee, na upande wa pili alikuwa mzee yuleyule. Kwa miaka thelathini na mbili kazini alikuwa amejua kila jalada liko rafu gani. Kisha zikaja kompyuta. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemvunjia heshima. Vijana wa pale walikuwa na adabu zao. Waliacha tu kumuuliza. Siku ya mwisho alikaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na swali pekee aliloulizwa lilikuwa kama amemaliza na kikombe. Mezani kwa seremala bado aliulizwa. Toleo la Tatu likiingia, nani atamuuliza nini tena?

Maji yakaendelea kutiririka. Ndani alisikia daktari akisema, "Lakini shemeji, mimi nilitaka kujua lile jitu lingesukwaje."

Mzee akafunga bomba. Akafuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo marehemu mama yake asingelikubali, akaingia ndani kwa hatua za mtu anayekwenda kusalimisha mji.

"Mwendeshaji," alisema, "nipe karatasi tupu."

Daktari alisahau kutania. Seremala akampa karatasi mpya ya mhusika, nusu ya ukubwa wa ile ya zamani. Mzee akaipita kalamu ya kwanza, akaipita ya pili, akachukua ya tatu, iliyo bora. Akaandika: Bawabu Mkuu. Akaandika umri, nguvu, woga. Akafika kwenye ngao, na mkono ukasita.

"Nikibaki na moja," aliuliza, "hizi mbili naruhusiwa kumpa mtu? Ni ukurasa gani huo?"

Seremala alifungua kitabu, akafunga. "Hapo kitabu kimenyamaza, mzee."

"Kimenyamaza?"

"Kinatuachia wenyewe tuamue."

Mzee aliipima kauli hiyo, akaiona ni ya ajabu mno. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, ngao ya mgongoni ni yako. Mtu anayesuka majitu hawezi kutembea mgongo wazi. Na ya kichwani mpe mteja wako awekee vitana. Haya, rusha dadu zako. Nami nitanyamaza kama kitabu."

Msusi alimtazama kuhakikisha kama ni utani. Haukuwa utani. Akarusha: tano na nne. Jitu likasukwa mistari kumi na miwili, likalia kwa raha, likamwopoa mwizi mtoni kwa vidole viwili, likawaonyesha mlango mdogo chini ya daraja.

"Umefungwa," alisema seremala. "Nani anafungua?"

Wote wakamtazama bawabu.

"Mkwe," aliuliza mzee kwa sauti ndogo, "hapa najumlisha nini na nini?"

"Hizo mbili tu, baba. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Akazitikisa dadu kiganjani muda mrefu kama anayetikisa hatima ya mataifa, akaziachia. Zikabingirika, zikagonga ukingo, moja ikasimama kwenye sita, ya pili ikazunguka, ikazunguka, ikalala kwenye mbili. Nane kamili! Daktari akapiga meza kwa ngumi, msusi akapiga kigelegele kilichopeperusha maranda, na seremala akasimama akamshika mzee mkono kama anayempokea balozi.

Basi andikeni, enyi watunza tarehe, na mjukuu asome: kwamba Jumapili ile, saa kumi na dakika tano alasiri, Bawabu Mkuu mwenye ngao moja, muuaji wa mazimwi tisa, alifungua kwa sheria mpya mlango wa stoo ya viazi. Ndani mlikuwa na magunia manne na panya mmoja. Na walioshuhudia wanaapa kwamba panya, alipomwona anayeingia, alisimama kwa miguu miwili.

"Panya huyo," alisema Mzee Faharasa, akivuta kiti karibu, "ana nywele?"