Koti la Bwana Pole

"Mtu akikujia na pole, utamwombaje kitambulisho?"

Jirani ndiye aliyeuliza hivyo, siku aliyohamia mtaani na mizigo yake michache, akimsimulia mjane wa fundi cherehani yaliyompata. Jirani alikuwa amefiwa na mumewe, dereva wa lori. Wiki tatu baada ya maziko, watu walipokwisha kurudi kwenye shughuli zao, alimfikia bwana mmoja mpole mwenye leso nyeupe, akalia kuliko wafiwa. Akala, akashiba, kisha akasema marehemu alimwahidi koti lake jeusi la sufu liwe kumbukumbu. Jirani akampa. Akaona haya kumpa koti tupu, akaongeza na redio. Akamsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru kwa kuja. Siku ya nne ndipo alipojiuliza yule alikuwa nani.

Bwana huyo tumwite Bwana Pole. Jina lake halisi sijui kama hata mama yake bado analikumbuka.

Bwana Pole hakuwa mwizi wa kuvunja madirisha. Kuvunja dirisha alikuona ni ukosefu wa adabu, na adabu ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alijua kwamba mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajapewa maji ya kunywa, na akishapewa maji muda wa kuuliza umekwisha kupita. Alijua kwamba katika nyumba yenye msiba neno la marehemu halibishwi. Tena ile methali ya mgeni na jembe aliijua vizuri sana, ndiyo maana hakuwahi kulala popote hata usiku mmoja. Alifika mchana, akaondoka kabla ya jua kuzama, mkono wake mmoja ukifuta machozi na wa pili ukibeba kumbukumbu.

Sasa siku moja alikuwa kwa kinyozi, shingo imeinama, wembe uko kisogoni, akamsikia kinyozi akimsimulia mteja mwingine habari za fundi cherehani aliyefariki miezi miwili nyuma. Mtu mwema, kinyozi alisema, na ameacha cherehani ya chuma ya zamani, inayoshona ngozi kama karatasi, matajiri wameitolea macho. Mjane wake haiuzi. Ni mama wa sala, hajui kumnyima mtu kitu.

Bwana Pole akafumba macho. Kinyozi alidhani amesinzia, kumbe alikuwa anashukuru.

Kesho yake alasiri mjane alikuwa ameketi kwenye kigoda cha marehemu, anakunja pindo la pazia la mtu. Miaka ishirini alimtazama mumewe akishona bila kuambiwa njoo ujifunze, na mume alipoondoka aliketi pale pale akaendelea. Cherehani ile haikuwa inakula kitu, lakini ilikuwa inalisha watu watatu: yeye, binti yake aliyekuwa shuleni, na mama mkwe. Ikitoka mlangoni, chakula nacho kinatoka.

Hodi ilipigwa kwa utaratibu, moja, kituo, ya pili, kituo, kama inayopigwa na mtu asiyetaka kumsumbua mfiwa. Mjane akaitikia, akainuka, akampokea mgeni mzigo wake, maana mgeni hasimamishwi na mzigo mkononi. Ulikuwa mkoba mzito kwa mtu aliyesema amekuja kutoa pole tu. Jua lilikuwa kali, na mgeni amevaa koti, kwa sababu koti humpa mwombolezaji uzito. Akampokea na koti.

Akiwa njiani kwenda kuliweka, kidole chake chenyewe kikapita chini ya kola, kwa mazoea. Kikakuta mishono mitatu ya uzi mwekundu, imepishana.

Mjane akasimama katikati ya chumba cha mama mkwe. Marehemu alikuwa akiweka mishono ile katika kila koti aliloshona, mahali ambapo mteja hapaoni. Koti ni mtoto, alikuwa akisema, mtie alama asije akapotea usimjue. Akaunyoosha mkono wa kulia wa koti, akaupima na wa kushoto. Wa kulia ulizidi kwa upana wa vidole viwili. Koti la namna hiyo fundi alishona moja tu maishani mwake, la dereva wa lori aliyeshikilia kwamba mkono wake umerefuka kwa kuning'inia dirishani. Walicheka wiki nzima.

Akamwomba Mungu amshikie ulimi, maana ulikuwa na mengi. Tena akamwomba asimwache aseme uongo, maana hata kwa mwongo uongo ni dhambi. Kisha akalitundika koti, akauacha mkoba mle mle chumbani, karibu na mlango, akaenda kubandika chai.

Mgeni alikuwa ameanza kulia kabla chai haijaiva. Alilia vizuri, lazima tuseme ukweli. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata kwa heshima. Akasimulia walivyokuwa yeye na marehemu, chanda na pete, walivyokula sahani moja na kulala mkeka mmoja, mpaka watu wakadhani wametoka tumbo moja.

"Aliniita kaka, shemeji," akasema. "Mpaka leo naisikia sauti yake."

"Kaka mkubwa au mdogo?" mjane akauliza, akimimina chai.

Bwana Pole akapima. Mkubwa huamkiwa, mdogo hutumwa.

"Mkubwa," akasema. "Kwa mwaka mmoja tu, lakini mkubwa."

Mjane akasema amefurahi sana kulisikia hilo, na alikuwa amefurahi kweli. Mgeni akanywa chai, akaisifu chai, akausifu ukuta. Akaegemea mbele, akashusha sauti, akasema hakupenda kulitaja jambo hili, ila atamjibu nini marehemu siku wakikutana. Marehemu alimwambia, kaka, nikitangulia, cherehani ni yako.

"Neno la marehemu mimi silibishi," mjane akasema.

Tabasamu likamtoroka Bwana Pole. Akalifuata kwa leso, akalifunika.

"Ila cherehani si yangu, na yeye pia haikuwa yake," mjane akaendelea. "Mama yake ndiye aliyemnunulia. Ngoja nimwite. Maskini mama, hajui kwamba ana mtoto mwingine."

Kabla ya kumwita mama, alipita uani, akamwambia jirani kwa juu ya ukuta kwamba shemeji amefika kutoa pole, aje amsalimu. Hapo pia hakuongeza wala kupunguza.

Mama mkwe alitoka chumbani na fimbo, akajikwaa kwenye mkoba, akaupiga teke la haki, kitu ndani yake kikalia ta, akaja mpaka sebuleni akinung'unika. Macho yake yalikuwa yamechoka lakini masikio na ulimi vilibaki vijana. Bwana Pole akapiga magoti, akatoa shikamoo iliyonyooka. Bibi hakuitikia upesi. Alimshika kwanza kichwa, akampapasa mabega kama anayechagua mbuzi.

"Wewe ndiye mwanangu mkubwa?"

"Ndiyo, mama. Kwa mapenzi."

"Marahaba. Mapenzi yako yalikuwa wapi miaka yote, mimi nakaa kwa mdogo?"

Halafu akamweleza mambo yalivyo, na hakumpa nafasi ya kupumua. Mama hukaa kwa mwana mkubwa. Cherehani achukue, hana kinyongo, lakini cherehani ile inakwenda anakokwenda yeye, kwa sababu bila mlio wake hapati usingizi. Akauliza kama nyumba ya mwanawe ina ngazi, kwani ngazi haziwezi. Akauliza kama mkwe wake mpya ni msemaji sana. Akamweleza kuwa huoga maji ya moto alfajiri na jioni, na asiyeyapasha sawasawa huambiwa. Kisha akamwagiza mjane amfungie nguo zake kwenye shuka. Mjane akasema yeye hawezi kusimama kati ya mama na mwanawe, akaenda akafunga. Aliporudi na furushi mkono mmoja, mkono wa pili alikuwa na koti.

Bwana Pole alikuwa amepungua. Akasema labda aje wiki ijayo, na gari. Bibi akajibu kwamba miguu bado anayo, na amechoka na habari za wiki ijayo.

Hapo jirani akaingia, salamu mdomoni. Akamwona mgeni, salamu ikakatika. Mjane akamtazama kwa jicho la kumwambia tulia, akamwekea koti mikononi.

"Nishikie, dada. Ni la shemeji."

Jirani akalishika. Vidole vyake vikateremka kwenye mkono wa kulia wa koti mpaka mwisho, vikabaki pale. Aliposema, alisema kwa adabu kabisa.

"Pole sana, shemeji. Mwezi ule ulimlia mume wangu, leo unamlia fundi. Rafiki zako hawadumu."

Bwana Pole akasema huenda dada amemfananisha, duniani wawili wawili. Hakuna aliyembishia. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamume, imekwaruza, inatoka chumbani kwa bibi. Ilikuwa inatangaza hali ya hewa.

"Nani huyo anayeongea chumbani kwangu tangu nilipotoka?" bibi akauliza.

Jirani akageuza shingo. Sauti ile alikuwa ameamka nayo miaka kumi na moja, pamoja na mkwaruzo wake.

"Ni mkoba wa mgeni, mama," mjane akasema. Akamgeukia Bwana Pole. "Nikuletee, shemeji? Tuufungue hapa mbele ya mama, kila kimoja ukitaje ni kumbukumbu ya nani, nisije nikakupa cha mtu mwingine."

Hakuinua sauti. Mtu aliyepita nje angedhani anamwongezea chai.

Bibi alikuwa amekwisha kusimama, furushi kwapani, akanyoosha mkono hewani kuutafuta wa mwanawe.

"Nishike, baba. Tunachelewa."

Bwana Pole akaitazama cherehani, akautazama ule mkono uliokuwa ukimsubiri, akautazama mlango. Akatoka mikono mitupu, na hakuna aliyeinuka kumsindikiza.